Hodi Usiku wa Halloween

Kila mwaka, Sikukuu ya Watakatifu Wote inapokaribia, maneno juu ya Halloween huwa mengi. Ni ile desturi ya Marekani ambayo watoto huvaa nguo za kutisha jioni ya tarehe 31 Oktoba, wakaenda nyumba hata nyumba kuomba peremende. Wako wanaoilaumu kuwa ni kazi ya Shetani. Wako wanaojibu kwamba ni mchezo wa watoto tu, na mwenye kuona shetani humo amemleta mwenyewe. Tena wako wazee wa huko Marekani wanaosema kwamba zamani zao ilikuwa sikukuu njema, na vijana wa sasa wameiharibu. Mabishano hayo hayaishi, na sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba wote watazama nguo. Wabishana juu ya pembe, vinyago na mifupa ya karatasi. Ukiivua Halloween nguo zake utakuta jambo tunalolijua sana sisi sote: mtoto apiga hodi usiku kwa jirani.

Basi yafaa tuulize hivi. Mtoto huyo analeta nini? Anadai nini? Na yule aliye ndani, je, anafungua? Majibu yamegeuka toka kizazi hata kizazi, na kwa bahati njema watu wa sinema wametuwekea ushahidi. Nimechagua filimu tano za Marekani, ya kwanza ya mwaka 1944 na ya mwisho ya mwaka 1982. Si zote nzuri, na moja haifai hata kidogo kwa watoto. Lakini katika kila moja uko mlango unaobishwa, na mlango huo ndio nitakaoutazama.

Kwanza yatubidi kurudi nyuma, kabla sinema haijakuwako. Jina Halloween ni Kiingereza cha zamani kilichofupishwa, maana yake Mkesha wa Watakatifu Wote. Waairishi wa kale walikuwa na sikukuu yao iliyoitwa Samhain, mavuno yalipokwisha na baridi ilipoanza. Kanisa likaadhimisha Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na Papa Gregori IV ndiye aliyeieneza siku hiyo katika karne ya tisa. Karibu na mwaka 1000, Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny katika Ufaransa, aliwaagiza wamonaki wake kuwaombea marehemu wote siku ya pili yake. Siku hizo mbili ziliposhikamana, huko Uingereza ikazaliwa desturi: maskini na watoto walizunguka nyumbani kwa watu, wakapewa vimikate vilivyoitwa mikate ya roho, nao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Shakespeare, katika mchezo wake The Two Gentlemen of Verona, amtaja mwombaji wa siku ya Watakatifu Wote na sauti yake ya kulialia, kama mtu ambaye watazamaji wote wamekwisha kumsikia mlangoni pao.

Angalia vizuri mapatano hayo. Maskini hakuja mikono mitupu. Yeye alikuwa na sala; mwenye nyumba, hata awe tajiri namna gani, alikuwa na marehemu wake. Kwa hiyo mlangoni palikuwa na watu watatu, yaani mwenye kuomba, mwenye kutoa, na yule aliyekwisha kufa, ambaye wote wawili walimtumikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wenye nyumba wale walilijua neno hili kwa vitendo, ijapokuwa hawakujua lugha yetu.

Katika karne ya 16, Uingereza ilipojitenga na Roma, sala za kuwaombea marehemu zilifutwa. Ajabu ni kwamba mkate haukufutwa. Katika majimbo ya Cheshire na Shropshire watoto waliendelea kuzunguka kwa karne nyingi wakiimba na kupewa vimikate na matofaa, ijapokuwa marehemu alikwisha kusahauliwa. Huko Uskoti mtoto aliyejifunika uso ilimpasa kuimba, au kukariri shairi, au kuchekesha watu, ndipo apewe njugu na senti. Mikononi walishika taa zilizochongwa katika mizizi minene ya bustani. Waskoti na Waairishi walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, hasa Waairishi baada ya njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, waliichukua sikukuu yao mizigoni. Huko wakakuta maboga, ambayo kuchimbwa kwake ni rahisi zaidi. Hivyo taa ilinenepa, lakini sala ilikuwa imekwisha kupotea njiani, na wimbo nao ukaanza kupotea.

Hapo ndipo filimu ya kwanza yatupokea. Yaitwa Meet Me in St. Louis. Iliongozwa na Vincente Minnelli mwaka 1944, kutokana na hadithi za Bibi Sally Benson juu ya utoto wake. Mambo yake yaanza mwaka 1903 katika mji wa St. Louis, watu wakingojea maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika huko mwaka 1904. Watazamaji wengi wamkumbuka Judy Garland na nyimbo zake. Mimi nasema kwamba moyo wa filimu ni ile sehemu fupi ya usiku wa Halloween, na mwenye moyo huo ni mtoto Margaret O'Brien, aliyekuwa na miaka kama saba, naye ndiye Tootie, mdogo wa nyumba.

Watoto wa mtaa wamewasha moto mkubwa katikati ya barabara, wanachoma meza na viti vibovu. Wamevaa makoti ya baba zao na pua za bandia. Mzazi haonekani. Kazi ya usiku huo ni kwenda mlangoni kwa jirani, kubisha, na akifungua kumtupia unga usoni na kumwambia kwamba anachukiwa. Wao huita hivyo kumwua. Hakuna hata mtoto mmoja anayeomba peremende! Mtazamaji wa leo hushangaa, adhani mwongozaji amesahau kitu. Hakusahau. Mwaka 1903 ile desturi ya kudai peremende ilikuwa bado kuzaliwa, na Minnelli na wenzake walikuwa waaminifu.

Tootie adharauliwa kwa sababu ni mdogo. Ndipo ajitolea kwenda peke yake kwa Bwana Braukoff, anayeogopwa kuliko watu wote mtaani, kwa kuwa watoto wamezulia habari zake za ukatili. Sasa kamera yamtangulia ikirudi kinyumenyume, nasi twauona uso wa mtoto ukija, upepo ukipeperusha majani, na moto wa wenzake ukizidi kuwa mdogo nyuma yake. Hakuna muziki wa furaha. Afika, abisha. Mlango wafunguliwa. Mtu mkubwa asimama kimya na mbwa wake. Tootie atupa unga, asema neno lake la chuki kwa sauti nyembamba, na kukimbia kama mwenye kufukuzwa. Bwana Braukoff asimama tu, uso mweupe kwa unga, naye mbwa alamba ulioanguka. Basi! Hakumpiga mtu. Hakusema neno. Twatambua, kabla ya Tootie kutambua, kwamba mtu huyu wa kuogopwa ni jirani kama jirani mwingine.

Sijaona filimu nyingine ya Halloween inayofanana na hii kwa ukweli wa hofu ya mtoto. Lakini tena natazama ule unga. Karne nyingi kabla, unga ulitoka ndani ya nyumba ukiwa mkate, ukatolewa kwa ajili ya roho ya marehemu. Sasa warudi kutoka nje, mbichi, ukitupwa usoni pa mwenye nyumba. Sidhani Minnelli alikusudia hivyo, na sitaki kumpa mawazo yangu. Ila kitu kimoja hakikugeuka. Ilimlazimu Tootie kuvuka giza na kuonana uso kwa uso na mtu aliyemwogopa, na mtu yule alifungua.

Kosa la filimu liko baadaye kidogo. Tootie na dada yake wamelaza sanamu ya nguo juu ya reli ya tramu, wakitaka itoke katika njia yake. Watu wangaliweza kufa. Habari yajulikana nyumbani, kisha jambo lapita kama chafya. Katika miji halisi ya Marekani halikupita hivyo. Vijana walikuwa wakivunja taa za barabara, wakang'oa malango, wakapandisha mikokoteni juu ya mapaa. Mji mdogo wa Anoka, katika jimbo la Minnesota, ulianza mwaka 1920 kuwafanyia watoto maandamano na karamu usiku huo, ili wasipate nafasi ya kuwafungulia watu ng'ombe. Katika gazeti moja la Kanada la mwaka 1927 yapatikana habari ya watoto wa kijiji cha Blackie, Alberta, waliokwenda milangoni wakidai chakula kwa maneno ambayo sasa dunia yote yayajua, na maana yake ni: toa, la sivyo tutakutenda. Ni amani iliyonunuliwa. Mwenye nyumba atoa kitu kitamu, mtoto aacha kuharibu mali. Vita ya pili ilizuia jambo hilo kidogo, maana sukari iligawiwa kwa kipimo toka mwaka 1942 hata 1947. Sukari iliporudi, nayo familia zilipokuwa zikihamia kwa wingi katika mitaa mipya ya pembeni mwa miji, desturi ilienea nchi nzima kama moto wa nyika.

Filimu ya pili yaonyesha mapatano hayo mapya bila haya. Ni katuni ya Walt Disney ya mwaka 1952, Trick or Treat, iliyoongozwa na Jack Hannah. Yupo Donald yule bata, na wapwa wake watatu Huey, Dewey na Louie, ambao wasomaji wa vitabu vya Kifaransa wawajua kwa majina Riri, Fifi na Loulou. Wapwa wabisha hodi kwa mjomba. Mjomba awatilia fataki mifukoni, kisha awamwagia ndoo ya maji. Mchawi mmoja mwanamke aitwaye Hazel aona hayo na kuwasaidia. Apika dawa yake, na miti ya ua na malango yapata uhai. Donald aogopa, akubali kutoa. Halafu abadili shauri na kumeza ufunguo wa ghala. Basi mchawi airoga miguu yake. Mwisho mlango wa ghala wavunjwa kwa mwili wa Donald mwenyewe, aliyesukumwa na miguu yake kama gogo. Yeye azimia, watoto wachukua peremende.

Nimecheka, nakiri, kwa kuwa katuni imechorwa kwa ustadi sana na Donald ni mbaya wa kupendeza. Lakini fikiri inafundisha nini. Huyo mjomba ni mchoyo na mkorofi, ni kweli. Hata hivyo watoto hawakuleta kitu chochote mlangoni, wala wimbo, wala sala, wala hata uoga wa Tootie. Wamekuja kama wadai wanaokusanya deni. Asiyelipa avunjiwe mlango! Wengine watashtuka kwa ajili ya mchawi. Mimi yule mchawi hanisumbui sana. Ni mchawi wa kuchekesha, mwenye ufagio na pua ndefu. Kinachonisumbua ni kwamba zawadi imekuwa kodi. Zawadi ni ya mwenye kutoa. Akinyimwa uhuru wa kutoa, amebaki na nini cha kutoa?

Walakini tusimhukumu kila mtoto wa siku zile kwa ajili ya bata. Mwaka 1950 huko Philadelphia, mke wa mchungaji mmoja wa Kiprotestanti pamoja na mumewe na watoto wao walianza kukusanya senti usiku wa Halloween katika vikopo vya maziwa, si kwa ajili yao, bali kwa watoto wenye shida wa nchi nyingine. Walipata dola 17, wakazipeleka UNICEF. Jambo hilo likaenea hata likawa desturi ya nchi nzima. Kwa njia hiyo yule mtu wa tatu alirudi mlangoni. Hakuwa marehemu tena. Alikuwa mtoto wa mbali asiyeonekana, ambaye mwenye kuomba na mwenye kutoa walikutana kwa ajili yake. Naona ajabu kwamba wale waliofanya hivyo hawakuwa wakikusudia kufufua mkate wa roho.

Filimu ya tatu naipenda karibu kama ile ya kwanza. Ni It's the Great Pumpkin, Charlie Brown, iliyoandikwa na Charles Schulz na kuongozwa na Bill Melendez, ikaonyeshwa katika televisheni mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 1966. Ni fupi, haifiki nusu saa. Charlie Brown amejifunika shuka yenye matundu mengi kuliko macho. Kila mlango wanaobisha, wenzake wapata peremende na yeye apata jiwe. Hakuna sababu inayotolewa. Watoto hucheka, wazee hunyamaza.

Katika hadithi za Schulz watu wazima karibu hawaonekani. Huo ni mtindo wake. Lakini usiku wa Halloween mtindo huo wasema kitu zaidi. Peremende zaanguka mifukoni, na mtoaji hana uso. Twajua nini juu ya yule anayempa mtoto jiwe? Hatujui kitu. Tootie alimwona Braukoff. Donald, hata kwa ubaya wake, alikuwa mjomba wa watoto. Charlie Brown hakuonana na mtu. Mtaa umejaa nyumba nzuri, na kila mlango ni kama tundu la posta.

Wakati huo Linus, rafiki yake, hakwenda kuomba. Amekaa bustanini kati ya maboga, akimngojea Boga Kuu ambaye anaamini atatokea na kuwaletea watoto zawadi. Sally mdogo akaa naye kwa sababu ampenda. Mwishowe aona amekosa kila kitu, na hasira yake ni kama ya mama mkwe. Wahakiki wengine wamemwona Linus kuwa ni dhihaka juu ya watu wa dini. Sikubaliani nao. Schulz alikuwa mkristu aliyefundisha katekisimu ya kanisa lake, na katika usiku ule ambao watoto wote wanadai, Linus peke yake angoja. Amngojea asiye na kitu cha kungojewa, ndiyo. Imani yake ni ya kipuuzi. Lakini moyo wake si wa kipuuzi. Tena mtazame Lucy, dada yake mwenye kelele. Mlangoni aomba peremende za ziada kwa ajili ya ndugu yake aliye bustanini, huku akinung'unika kwamba anaona aibu. Usiku wa manane, saa kumi za alfajiri, aamka, aona kitanda cha Linus ki tupu, aenda kumtoa katika baridi, amvua viatu na kumlaza. Hasemi neno. Yeye ndiye aliyeomba kwa ajili ya mwingine, naye ndiye mtoto asiyetazamiwa.

Juu ya filimu ya nne nitasema kwa ufupi. Ni Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Mwuaji mwenye kinyago atoroka hospitalini na kurudi katika mji aliomwulia dada yake alipokuwa mtoto. Filimu hii ilizaa nyingine nyingi za damu, na kwa jambo hilo sina shukrani. Wala sioni faida kwa kijana kutazama wenzake wakichomwa visu. Ila kuna nukta chache ndani yake ambazo mhakiki hawezi kuzipita. Msichana Laurie, akimkimbia mwuaji, afika kwenye nyumba ya jirani, apiga mlango, apaza sauti kuomba msaada. Taa yawaka. Mtu achungulia dirishani. Kisha taa yazimwa.

Ni hivyo tu, na hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko visu vyote. Jirani ameona, bila shaka amedhani ni mzaha wa Halloween, akarudi kulala. Miaka 75 kabla yake, ndani ya hadithi ya Minnelli, watoto waliokuja kwa chuki walifunguliwa mlango. Hapa anayekuja na kilio cha kweli hakufunguliwa. Carpenter alitaka kutushtua tu, lakini alikuwa ameshika mapigo ya nchi yake. Mwaka 1974, katika Texas, mtoto wa miaka minane alikufa kwa peremende yenye sumu usiku wa Halloween. Aliyetia sumu hakuwa jirani. Alikuwa baba yake mwenyewe, aliyetaka fedha za bima, naye akauawa kwa hukumu mwaka 1984. Joel Best, mtaalamu wa elimu ya jamii, amechunguza habari za magazeti tangu mwaka 1958, wala hakupata kifo hata kimoja kilichothibitishwa cha mtoto aliyeuawa kwa peremende za mtu asiyemjua katika mzunguko wa Halloween. Hata hivyo wazazi waliendelea kumwogopa jirani. Mwezi wa Septemba 1982 watu saba katika Chicago na pembeni yake walikufa kwa vidonge vya maumivu vilivyotiwa sumu dukani, na Halloween ya mwaka ule wazazi wengi walizuia watoto wao nyumbani.

Filimu ya tano, E.T. ya Steven Spielberg, ilitoka mwezi wa Juni mwaka huohuo 1982, yaani miezi michache kabla ya vidonge vile. Elliott, mtoto wa California, amepata kiumbe kutoka nyota nyingine amejificha karibu na nyumba yao. Usiku wa Halloween, yeye na kaka yake wamfunika shuka na kumtembeza barabarani mchana mweupe wa jua linalokuchwa, kati ya makundi ya watoto, na hakuna anayemshangaa. Wazo hili ni zuri mno: siku moja katika mwaka mgeni kabisa aweza kutembea mjini bila kuogopwa, kwa sababu wote wamejifanya wageni. Mama yao awapiga picha bila kujua ni nani yu ndani ya shuka, kisha awaacha waende peke yao. Barabara zajaa watoto bila wazazi. Watazamaji wa 1982 hawakulishangaa hilo. Wa leo hulitazama kama wanavyotazama treni za makaa.

Bado kuna jambo lingine, ambalo latokea kabla ya Halloween katika filimu. Elliott, alipotaka kumvuta yule mgeni aje nyumbani, alimwekea peremende moja moja njiani hata mlangoni. Kampuni ya Hershey ilifaidika sana na peremende zile, na mtu wa biashara ataona tangazo tu. Mimi naona kwamba katika mwaka uleule ambao wazazi walikuwa wakizitupa peremende za watu wasiowajua, Spielberg alimwonyesha mtoto akimpa peremende mgeni asiyemjua, ili aingie. Mapatano yamegeuzwa juu chini: mtoto ndiye mwenye nyumba, mgeni wa kutisha ndiye mwenye njaa. Natamani filimu ingekaa hapo zaidi, badala ya kukimbilia machozi ya mwishoni, ambayo ni mengi kuliko yalivyohitajika.

Baada ya hapo mambo yaliendelea nje ya sinema. Toka miaka ya 1990 watu wengi wa makanisa na shule walianza kuwakusanya watoto katika viwanja vya kuegesha magari. Magari yapangwa mstari, sehemu ya nyuma ya mizigo yafunguliwa na kupambwa, nao watoto wapita toka gari hata gari wakichota peremende. Sababu zilizotolewa ni usalama, tena kuepuka mambo ya kishetani. Katika mambo hayo sisi watu wa dini tumeonyesha haraka. Tuliogopa vinyago, tukaondoa mlango. Maana gari halina kizingiti. Aliyesimama nyuma yake ni mtu tunayesali naye kila Jumapili. Mtoto hana giza la kuvuka, wala Braukoff wa kumkuta. Walioitakasa Halloween kwa njia hiyo waliyaacha yale yaliyotoka kwenye mkate wa roho, wakabakiza sukari. Sukari nayo haikupungua: mwaka 2023 chama cha wauza rejareja cha Marekani kilikadiria kwamba wananchi wangetumia kwa Halloween dola zaidi ya bilioni 12, pamoja na nguo na mapambo.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid, baadhi ya wenye nyumba walifunga mabomba marefu ya plastiki kutoka barazani hata njiani, peremende zikateremka kama maji ya mvua. Wengine waliwacheka. Mimi sikuwacheka. Mtu aliyekata bomba, akalipaka rangi, akasimama barazani katika baridi ili aone mtoto wa jirani akipokea, huyo alikuwa bado anatafuta njia ya kuitikia hodi.

Wakuu wa vikundi vya vijana wakitaka kuonyesha filimu hizi, ushauri wangu ni huu. Ile ya Carpenter waiache. Si ya watoto, na wakubwa hawatapungukiwa wakiikosa. Ya Donald ni ya dakika nane tu, yaweza kutangulia nyingine, lakini wawaulize watoto nani alikuwa na haki, nao watapata majibu ya kushangaza. Ya Charlie Brown yafaa wote. E.T. nayo ni ya wote, ila wadogo sana hulia yule kiumbe anapougua. Meet Me in St. Louis ni karibu saa mbili, na mapenzi ya dada wakubwa huwachosha wavulana. Filimu imegawanywa kwa majira ya mwaka, na kila majira yana picha yake ya kuanzia. Kama muda hautoshi, anzeni pale panapoandikwa majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 1903, mzime taa, na mtoto yeyote asikae karibu na mlango.